Kiungo cha Bata Mzinga Unachoniuliza

Mpendwa Dada Mwanaidi,

Nakuomba jambo moja kabla hujaendelea. Kama uko jikoni na wasichana wanaokusaidia, ikunje barua hii uiweke kifuani mpaka ubaki peke yako. Usimsomee mtu. Usimsimulie mtu, hata kwa kubadilisha majina, maana wewe ukisimulia jambo watu hujua ni nani unayemsema. Ukimaliza, itie kwenye jiko lako la mkaa. Nimeiandika kwa mkono kwa sababu ujumbe wa simu hufika hata usikopelekwa, na nimempa dada mmoja anayekuja Tanga likizo bila kumwambia kilichomo. Bahasha nimeibandika gundi mara mbili. Utanicheka, najua. Ulikuwa ukisema mimi ni mtu wa kufunga mlango kisha kurudi kuushika kitasa.

Juzi ulinitumia sauti tena. Niliisikiliza nikiwa nimesimama kwenye ngazi za nyuma za ofisi, simu nimeibana sikioni. "Karani wangu, hujambo? Nimejaribu giligilani, nimejaribu kungumanga, nimejaribu mpaka binzari nyembamba. Haiji ile ladha. Nina shughuli ya harusi mwezi ujao, wamesikia habari za mchuzi wangu wa Doha na wanautaka kwa kuku. Hebu muulize Madam wako alitia nini mle. Ni neno moja tu." Ukacheka, na nyuma yako nikasikia mfuniko wa sufuria ukianguka.

Hii ni mara ya nne unaniuliza tangu uondoke. Mara tatu zilizopita nilikujibu kwamba Madam yuko safarini. Dada, mke wa bosi hajasafiri kwenda popote. Neno unalolitaka ninalo tangu Januari, ukiwa bado hapa. Niache nianzie mbali kidogo, kwa sababu nikilitaja sasa hivi huenda usisome yanayofuata.

Ile Krismasi ilikuwa siku ya kazi kama siku nyingine. Nilikuwa na miezi mitano tu Doha. Kutwa nzima nilichapa hati za mafundi wa viyoyozi, nani anakwenda jengo gani na anabeba nini, huku mama akinitumia picha za meza ya nyumbani Voi, kiti changu amekikalia binamu. Jioni nilirudi chumbani kwetu Umm Salal, nikapanda kitanda cha juu na kujifunika shuka mpaka kichwani. Wewe ulikuwa chini unakunja sare zako za hoteli. Ukasema bila kuinua macho, "Karani, ukilia humo godoro litalowa, na maji yatanidondokea mimi."

Nikacheka ndani ya shuka. Nadhani ndiyo siku niliyoanza kukuona dada yangu kweli, si mtu niliyepangiwa kulala naye chumba kimoja.

Kesho yake bosi aliniita. Juu ya meza yake palikuwa na trei mbili zilizofunikwa kwa foili. Akasema ni mabaki ya sikukuu, bata mzinga, wageni wake walikuwa wachache kuliko alivyotarajia. "Mke wangu amesema nikupe wewe, kwa kuwa wewe ni Mkristo." Yakumbuke maneno hayo, Dada. Mimi niliyasikia kama pole. Nilidhani anamaanisha kwamba sikukuu iliyopita ilikuwa yangu, na kwamba mtu ameiona huzuni yangu kazini. Nilimshukuru mara tatu, nikatoka kinyumenyume kama mtoto aliyepewa zawadi shuleni.

Wewe ulizifunua trei zile juu ya meza ya jiko la chini, ukaubonyeza ule mnofu kwa kidole. "Hii nyama imekauka kama kiatu cha askari," ulisema. "Huyu ndege aliwakosea nini Wazungu?" Kisha ukanitazama, na ukaniuliza kwa sauti nyingine kabisa, "Mdogo wangu, amechinjwa huyu?"

Nikakujibu haraka, "Dada, hapa Doha kitu gani hakijachinjwa?"

Ukatosheka. Na bata alikuwa amechinjwa, hilo nimelihakikisha baadaye. Uliuliza kuhusu ndege, nami nikakujibu kuhusu ndege.

Nimekuwa nikiipika jioni ile kichwani mara nyingi mno, naijua hatua kwa hatua. Ulichambua nyama nyuzi nyuzi, ukaiweka kando, paja moja ukalibakiza kwenye trei. Mifupa ukaitia sufuria kubwa na tangawizi, kijiti cha mdalasini na ndimu mbili, ukaiacha ichemke mpaka madirisha yakaingia ukungu. Mimi ulinipa vitunguu, nikakata vibaya, ukaninyang'anya kisu. Ulikaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya kahawa, ukatia nyanya, bizari, pilipili manga. Nazi ilikuwa ya kopo, na ulilifungua kopo lile kwa dharau. "Maziwa ya bati. Mama yangu akiniona atanikana." Kisha ukauona ule mkate uliokuwa umejazwa tumboni mwa bata, mabonge ya rangi ya udongo yenye majani majani na vipande vya nyama ndani. Mimi nilitaka kuutupa. Ukanishika mkono.

"Usitupe. Umeshiba viungo huu. Tukiuvuruga ndani, mchuzi utashika."

Ukauvuruga wote.

Zuhura, mwenzetu wa chumba, aliingia kutoka lindo akiwa bado na sare na viatu vizito, akasimama mlangoni akivuta harufu. Akaliona paja lililobaki kwenye trei. "Kuku gani huyu? Huyu alikuwa anacheza mpira." Ukamwambia avue viatu, aache kumtukana mgeni. Akauliza mgeni ni nani. Ukasema, "Bata. Katoka mbali, kaja na ndege."

Tulikula kwenye sinia moja, chini, kati ya vitanda, mahali unapotandika msala wako. Wali mlima mzima, mchuzi juu yake. Ulinisogezea nyama upande wangu, kila nilipoimaliza ukanisogezea nyingine, kama mama anavyofanya akidhani sioni. Zuhura alisema hajala chakula kitamu namna ile tangu atoke Unguja. Wewe ukaramba kidole ukafumba macho. "Kuna kitu humu," ulisema. "Kuna kitu kitamu humu, sikijui jina."

Sikuwa nimekula sinia moja na watu tangu nitoke nyumbani. Mchana nilikuwa nakula peke yangu juu ya kibodi. Usiku ule, Dada, nililala bila kulia.

Baada ya wiki mbili Madam alikuja ofisini kumsubiri mumewe. Akaegemea meza yangu akaniuliza kama niliipenda nyama, hasa ule mjazo wa tumboni, kwa sababu aliuhangaikia. Soseji aliitafuta mwenyewe, akapanga foleni kwenye duka lile wanaloingia wenye kibali tu. Alipoona sielewi, akashusha sauti. Ya nguruwe, akasema. Kisha akatabasamu. "Lakini hukuwapa Waislamu, siyo? Unajua hairuhusiwi."

Nikamwambia, "Hapana, Madam. Nilikula peke yangu."

Hilo ndilo neno lako, Dada Mwanaidi. Si giligilani, si kungumanga. Utamu ulioutafuta jikoni kwako miezi yote hii ni mafuta ya nguruwe, na aliyekuletea ni mimi.

Nakuona umeishusha karatasi. Nakuona ukiinuka kwenda kunawa mikono, ingawa ni muda mrefu sasa na maji hayawezi kitu.

Kwa nini sikukwambia siku ileile? Nilirudi nikikusudia. Nikakuta umetoka kuswali, umekaa juu ya msala na tasbihi, uso wako umetulia, nikapanda kitanda cha juu. Siku iliyofuata nilijiambia nitasema Ijumaa. Ijumaa nikajiambia nisubiri mwezi wa Ramadhani upite. Ukafunga, nami nikawa nakula chakula changu cha mchana kwenye ngazi ili usinione, ukanishukuru kwa adabu. Kila shukrani yako iliniongezea uzito. Kisha mkataba wako ukaisha, tukakusindikiza uwanja wa ndege, ukanikumbatia ukasema, "Mle bata wangu vizuri Krismasi ijayo, mniache na wivu." Zuhura akacheka mpaka watu wakageuka. Mimi nilitazama sanduku lako.

Na naogopa. Naogopa kazi, kwa sababu Madam akijua nilimdanganya, mumewe atajua, na hapa mtu akipoteza kazi ana siku chache tu kabla ya kurudishwa kwao. Namuogopa Zuhura, ambaye sasa amekilalia kitanda chako. Yeye ananyoosha mkono kuchukua chakula kwenye sahani yangu bila kuuliza, kwa kuwa ananiamini. Kila anaponyoosha mkono, mimi hukumbuka. Lakini kuliko yote naogopa harusi hiyo ya mwezi ujao. Juzi, baada ya sauti yako, niliandika kwenye simu, "Madam anasema ni mrehani mkavu." Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma. Ungenunua mrehani, ungewapikia watu, ungewaambia umepata siri kwa mdogo wako wa Doha. Nikaufuta ujumbe. Ndipo nikatafuta karatasi.

Zuhura aliwahi kuniambia, tukizungumza mambo mengine kabisa, kwamba aliyekula bila kujua hana dhambi. Nimeyashikilia maneno hayo kwa niaba yenu wawili. Nayaamini. Ninyi hamkujua.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya nibandike gundi mara mbili. Nilipokuwa chuoni Nairobi, Jumamosi tulikuwa tukienda na wenzangu kula nguruwe wa kuchoma. Ladha yake naijua. Tonge la kwanza la sinia lile lilipofika mdomoni mwangu, ulimi wangu ulisita. Ulisita, Dada. Nikamkumbuka bosi na yale maneno yake, "kwa kuwa wewe ni Mkristo." Hata mkono nilikuwa nimeuinua kidogo niwazuie. Lakini Zuhura alikuwa amefikia pale pa kumwiga msimamizi wake, wewe unacheka huku umeshika tumbo, mvuke unatoka kwenye wali, na mimi nilikuwa na furaha kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano. Nikajiambia ni bizari. Nikashusha mkono nikachota tena.

Kwa hiyo siwezi kusema Madam ndiye aliyenijulisha. Yeye alinithibitishia. Kama ningesema "ngojeni kwanza" wakati ule, ungemwaga mchuzi, tungekula wali mkavu na chumvi, na labda tungecheka vilevile. Sikusema kwa sababu niliogopa kurudishwa kitanda cha juu. Nimesoma vitabu vingi, Dada, lakini sijapata namna ya kuliandika jambo hili likapungua ubaya.

Sikuombi urudishe jibu la haraka la kunisamehe. Naomba tu mchuzi huo usiutie kiungo chochote cha kuitafuta ladha ile, hata nikikutajia mimi. Mifupa, tangawizi, mdalasini, ndimu, vitunguu vilivyokaangwa sana, maziwa ya bati kama huna nafasi ya kukuna nazi. Hivyo vilikuwa vyako, na vilikuwa safi. Wape wenye harusi hivyo. Watashiba.

Zuhura nitamwambia mimi mwenyewe. Nimekusudia iwe baada ya kupata neno lako, kwa sababu wewe unajua jambo kama hili huanzwa vipi na mimi sijui. Ukiona kwamba nisikusubiri, nitumie neno "mwambie" peke yake, nami nitamwambia siku hiyohiyo.

Namba yangu ni ileile. Usinipigie siku za kazi, simu huwa juu ya meza na bosi hupita nyuma yangu. Usitume kitu kwa simu ya Zuhura wala kwenye kundi letu la chumba. Ijumaa nikitoka kanisani Mesaimeer huwa nasubiri gari kwenye kivuli cha ukuta, kama saa nane mchana, na pale hakuna anayenijua. Saa yenu na yetu ni moja. Utakuwa umeshaswali na wateja wamepungua. Ukishindwa kuongea, nibipu mara moja nijue tu kwamba barua imefika. Ukitaka kunigombeza, tuma sauti ndefu unavyotaka, nitaisikiliza yote palepale nikiwa nimesimama. Ukianza na "Karani," nitashukuru. Ukianza na jina langu la kwenye pasipoti, nitaelewa, na bado nitaisikiliza mpaka mwisho.

Mdogo wako wa kitanda cha juu