Walii wa Zeyana

Cheyo, Tabora
4 Februari 1980

Kaka Salmini,
Shikamoo. Sisi hatujambo, ila mama miguu inamsumbua. Wewe je, na baridi ya huko Ujerumani? Mwalimu Twalibu ameleta posa na mama ameridhia. Tangu baba afariki, walii wangu wa kuniozesha ni wewe. Njoo, au mwandikie Sheikh Darwesh umpe uwakala. Mistari miwili inatosha.
Mdogo wako, Zeyana

Ujerumani
11 Machi 1980

Mdogo wangu,
Marahaba. Mpe mama pole. Uwakala sitoi; nilimwahidi baba nitakuozesha mwenyewe. Ningojeeni hadi Juni. Tunatengeneza viini vya atomu vilivyojaa protoni kupita kiasi, tukamate protoni moja ikichomoka. Kiini chenyewe hakimalizi hata sekunde, na mashine tunapewa siku tano tu, kisha wanaingia wengine. Nikikosa zamu, kazi ya miaka minne imekwenda bure.
Kaka yako, Salmini

Cheyo
20 Julai 1980

Kaka,
Shikamoo. Mama anakusalimu, mimi nimenuna. Juni imepita. Sukari ya harusi tuliyoipangia foleni duka la ushirika imeingia sisimizi. Twalibu amehamishiwa Ulyankulu, na nyumba ya shule hupewa mwalimu mwenye mke. Hiyo protoni nayo inamngoja kaka yake ndipo itoke?
Mdogo wako, Zeyana

Ujerumani
2 Septemba 1980

Zeyana,
Marahaba. Mzima ni mwili tu. Mwezi Juni bati jembamba tunalolipiga kwa atomu za kasi lilitoboka siku ya pili. Agosti kigunduzi kilijaa makelele, hatukujua ipi protoni, ipi takataka. Nimechoka, nagombana hata na kikombe cha chai. Desemba nakuja, piga ua.
Kaka yako, Salmini

Ujerumani
9 Februari 1981

Mdogo wangu,
Hamjambo? Mbona kimya tangu Julai? Desemba mwenzetu aliugua, nikapewa zamu yake, sikuweza kuikataa. Na tumeiona. Kwenye grafu kimeota kilima kidogo, peke yake, protoni thelathini na nne. Nililia. Ndani ya bahasha mna uwakala wa Sheikh Darwesh. Kuuandika kumenichukua dakika mbili, naona aibu.
Kaka yako, Salmini

Ulyankulu
30 Machi 1981

Kaka,
Shikamoo. Hatujambo. Hongera, Twalibu amewachorea wanafunzi kilima chako ubaoni. Barua yako mama kaituma huku, ule uwakala kaubakiza ndani ya msahafu wa baba. Desemba tulipika, tukakungoja siku tatu. Ya nne sheikh akaniuliza walii wangu yuko wapi. Nikasema Ujerumani, hana nafasi. Akasema walii aliye mbali hivyo huhesabiwa hayupo, akaniozesha yeye. Nililia mbele ya wageni. Bado nimekukasirikia. Usinijibu kwa barua.
Mdogo wako, Zeyana