Surua Mbili za Kitanda Kimoja

Jumapili, 16 Machi 1986. Kaloleni.

Mvua ya asubuhi imekatika na mama ameanika nguo tena. Mimi siwezi kutulia. Hata mwandiko wangu leo unakimbia.

Nianze na ndugu zangu. Mwezi uliopita Mwangi na Karanja walipata surua katika wiki ileile. Wanalala kitanda kimoja na kula sahani moja. Mwangi alitokwa na vipele, akalala siku nne, akarudi kucheza mpira wa makaratasi nje. Karanja alilazwa hospitalini wiki mbili, kifua kikikoroma, na baba alikuwa akitoka karakana ya reli anakwenda moja kwa moja kumwona. Amepona, lakini mbavu zinahesabika.

Shangazi, dada yake baba, ana maelezo yake. Mwangi ana jina la babu wa upande wa baba, mzee wa nguvu. Karanja ana jina la babu wa upande wa mama, ambaye alikuwa mtu wa kuugua-ugua. Basi, anasema, udhaifu ulikuja na jina. Sasa mama ni mjamzito. Akizaliwa msichana, kwa desturi yetu ya kuwapa watoto majina ya babu na bibi, zamu ni ya jina la mama yake mama. Shangazi anataka jina hilo lirukwe.

Juzi nilimkuta mama akisonga ugali huku analia, akasingizia moshi.

Halafu Ijumaa mwalimu wa bayolojia akatufundisha urithi. Chembe za mwili zina alama zinazousaidia mwili kutambua virusi na kupigana navyo. Maagizo ya kutengeneza alama hizo yamo katika jeni: nusu tunapata kwa baba, nusu kwa mama, na kila mtoto hupata mchanganyiko wake. Ndiyo maana virusi vilevile vinaweza kumwangusha ndugu mmoja na kumpita mwingine. Akasema chakula, umri na chanjo pia vina kazi yake, na kwamba wataalamu hawajamaliza kujua ni jeni zipi hufanya nini.

Hawajamaliza! Nilitamani kusimama juu ya dawati.

Leo shangazi alikuja baada ya kanisa. Kwa kuwa nina jina la mama yake, huniita mama. Chai ilipomiminwa tu, akaanza habari za jina. Mimi, ambaye wageni wakija hujifungia na vitabu, nikafungua mdomo.

“Shangazi, mama yako aliwahi kuugua pumu?”

“Mama yangu? Alibeba kuni mpaka uzeeni. Hata kukohoa hakukohoa.”

“Mimi nina jina lake, na pumu ninayo tangu darasa la pili.”

Akaweka kikombe chini. Nikamweleza jeni, vibaya, nikirukaruka, nikichora kwa kidole kwenye kitambaa cha meza. Nusu hapa, nusu pale. Karanja naye ana nusu ya baba.

“Kwa hiyo ni sisi tuliomlaza mtoto hospitalini?”

“Pengine. Pengine ni pande zote mbili. Hakuna mwenye kosa, shangazi.”

Baba alijificha nyuma ya gazeti, lakini gazeti lilikuwa linatetemeka kwa kicheko.

“Unacheka nini wewe?” shangazi akamwambia. “Mama amenigombeza mbele ya watu.” Kisha akamsogezea mama yangu kikombe aongezewe chai. “Haya, mama yako aliitwa nani vile?”

Analijua jina hilo vizuri sana. Alitaka mama alitaje mwenyewe.

“Nyambura,” mama akasema.

“Nyambura. Basi akija Nyambura, apelekwe chanjo mapema. Hilo sibishani na mtu.”

Mama alimimina chai mpaka ikafurika kwenye kisosi, na hakuona.

Kesho nitamuuliza mwalimu mtu husomea wapi kazi hiyo ya kutafuta yasiyojulikana. Sijui kama huchukua wasichana. Na wasipochukua, nitafanyaje?