Kupitia Mugongo wa Idjwi

Idjwi, 29 Juni 2024

Mudogo wangu Gaston,

Uko muzima? Vumbi ya Nyalukemba haiwakohozeshi watoto? Huku tuko, ila papa wetu si muzima. Muzee hali tena, anaonja uji tu. Jana alitaja jina lako, mara ya kwanza tangu miaka tisa, tangu ulipokosa maziko ya mama ukasema pikipiki imekufia Kamanyola. Alisema: «Akuje. Boti imushushe upande ule mwingine wa kisiwa, apande kwa miguu, apite mugongo wa mulima mu pori, vile mama yake alikuwa anapita akimubeba. Na alete kasiksi.» Desturi unaijua: akionja hiyo pombe ya ndizi, akakupa kikombe, ugomvi umeisha. Usikawie.

Dada yako mukubwa,
Eulalie

Bukavu, 3 Julai

Yaya Eulalie, maman wangu wa pili,

Mimi niko muzima kama ng'ombe ya padri. Watoto wanakula mpaka sahani inaomba musamaha. Salimia muzee.

Sasa yaya, ndiyo kale kamulima munanitisha nako? Mimi Gaston! Nimefika Bujumbura, Kampala, Kisangani. Volkano ya Goma niliipanda na viatu vya misa, Wazungu wakilia, nikawabebea mifuko na roho. Kamulima kenu nitakamaliza mbele ya saa sita, nikipiga mluzi. Kasiksi nimeagiza Mudaka, ile inayomufanya katekista aimbe Lingala. Samedi, tarehe sita, niko kwenu. Chinja kuku, na asiwe kifaranga, mimi ni mutu wa jina.

Mudogo wako,
Gaston

Bukavu, 8 Julai

Yaya,

Habari ya papa? Uji unashuka? Mimi magoti yananisema vibaya, lakini mwanaume halalamiki.

Nilikuja, yaya, kweli. Nilianza kupanda jua likitoka. Ile pori iko baridi kama kanisa siku ya kazi. Miti imeota ndevu, na kuna ndege mumoja alinicheka kila kona. Kule juu nikaona ziwa huku na ziwa kule. Nikasema: mwanamuke aliyepita hapa na mutoto mugongoni na kitunga ya mihogo kichwani, huyo ndiye askari. Mimi nilikuwa na bidon moja tu ya kasiksi, na nililia kidogo. Usiambie mutu.

Kisha mvua ikanyesha, mvua ya kubeba nyumba, njia ikakatika. Nikarudi. Mwezi ujao nitajaribu tena.

Mudogo wako,
Gaston

Idjwi, 12 Julai

Gaston,

Keti kwanza, ndiyo usome. Papa ametutoka jana asubuhi. Tutamuzika lundi, tarehe kumi na tano.

Mvua gani, mu mwezi wa saba, mu kiangazi? Tulikuona samedi ile. Tangu asubuhi muzee alitaka kiti nje, auangalie mulima. Saa sita mutu akatokea pale pori inaishia, juu ya shamba letu la kahawa, bidon chini, mukono kiunoni. Papa akasema: «Ni Gaston. Anasimama kama mama yake.» Akanioshesha vikombe viwili. Nilitaka kupaaza sauti, akanishika nguo: «Acha. Mutu wa kasiksi haitwi. Anashuka mwenyewe, ama hakuna musamaha.» Nikabaki na vikombe mukononi. Ulipogeuka ukaingia mu pori, alisema umeenda kujisaidia. Alikataa kuingia ndani mpaka giza. Siku zilizofuata hakuomba tena kiti.

Kwa nini, mudogo wangu?

Eulalie

Bukavu, 13 Julai

Yaya,

Pole kwako, pole kwangu. Leo sina kichekesho.

Pikipiki haikukufa Kamanyola. Niliogopa kumuona mama mu sanduku. Na mvua haikunyesha. Nilisimama pale masaa matatu. Nilimuona papa, alivyokonda, shingo kama ya mutoto. Nilimuona ananiangalia. Hiyo desturi ya kutoita, yaya, mimi siijui, niliondoka huko nikiwa mudogo, masomo nayo niliacha njiani. Nilingoja aseme tu jina langu. Nilijiambia: akiita, nashuka nikikimbia. Hakuita. Nikasema basi, amenikataa. Ile kasiksi nikaimwaga kwenye mizizi ya muti.

Barua hii nampa mutu wa boti initangulie. Kesho dimanche asubuhi nitapanda, njia ileile. Musizike mbele ya mimi kufika. Na ukiona mutu amesimama pale juu ya kahawa, yaya, wacha desturi, mimi ni muoga. Uniite.

Gaston, mudogo wako