Dada Anapiga Magoti, Mimi Nasema Rudia

Mshauri mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie maana nimebanwa kila upande na Jumapili ndiyo hiyo inakuja. Mimi ni mama mwenye umri mdogo, shule niliishia darasa la saba, ila nyimbo hunijia nikiwa nafua, nazishika kichwani halafu mwalimu wa kwaya anazipangia sauti. Mwaka jana mwanangu wa kwanza alizama kwenye ndoo ya maji, alikuwa na mwaka na miezi miwili, na niliyemwachia nilipokwenda kazini ni dada yangu wa tumbo moja, anasema aligeuka kidogo tu kuanua nguo. Tulipozika nikasema nimesamehe, watu wote walikuwa wananitazama mdomoni, ningesemaje.

Basi nikatunga wimbo wa Yusufu na ndugu zake, beti zote zikaja ila ule wa kuwasamehe, huo kila nikiufikia narudi kwenye ubeti wa nyuma, na mwalimu bila kuniuliza akatangaza kanisani kwamba tutauigiza Jumapili hiyo, mimi ndiye Yusufu na dada ndiye ndugu anayepiga magoti, akasema, "Mtaona, hapatabaki jicho kavu!" Mshauri, sasa naungama. Mazoezini dada akipiga magoti kwenye sakafu ya saruji nasema sauti haijakaa, rudia. Anarudia. Nasema bado, dada, rudia. Juzi alirudia mara saba mpaka mama mmoja wa sauti ya pili akanong'ona, "Huyu Yusufu kamzidi Farao," wenzake wakacheka, dada hakucheka, alijipangusa magoti akauliza, "Nirudie tena, mdogo wangu?" Na sauti ilikuwa imekaa tangu mara ya kwanza. Nilisikia utamu, mshauri, halafu nyumbani nikakaa nanyonyesha huyu mdogo wake marehemu huku nalia. Bado natumaini siku yenyewe ubeti utakuja wenyewe. Niimbe au nikimbie?

Mama Mtunzi

JIBU

Pole sana, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa hasira.

Waliokutazama mdomoni kaburini walikukosea. Mwalimu wako kakukosea zaidi, msiba wa mtu si pambo la ibada. Lakini zile mara saba ni zako peke yako. Hukuwa unafundisha wimbo, ulikuwa unachapa mtu. Na dada yako anajua, ndiyo maana anauliza arudie tena. Anaona anastahili. Utamwacha aone hivyo mpaka lini?

Halafu, hicho kisa umekisoma haraka. Yusufu hakuamka asubuhi akasamehe! Aliwatia ndugu zake kifungoni siku tatu, akawazungusha, akaingia chumbani akalia, akanawa uso, akatoka akaagiza chakula, bado hajajitambulisha. Wewe hata hicho chumba hujakiingia.

Leo, si kesho, mwambie mwalimu kupiga magoti kumefutwa. Akinuna, anune. Jumapili imbeni mpaka Yusufu anapofunga mlango alie, mnyamaze hapo hapo. Usiimbe msamaha usio nao, watakupigia vigelegele nawe utarudi nyumbani umemzika mwanao mara ya pili.

Na kabla ya Jumapili nenda kwa dada yako. Mweleze ulichomfanyia mazoezini, kwa maneno haya haya uliyoniandikia, kisha umwombe msamaha wewe. Msamaha wa kumpa yeye usimwahidi. Ukija, utamwambia. Usipokuja, angalau magoti yake yatakuwa yamepona.