Watoto Arobaini na Mmoja wa Ghorofa ya Tatu

Zahanati, tarehe 6 Februari

Kwako mdogo wangu,

Salamu nyingi. Hujambo? Na yale mafua yamekuacha? Mimi mzima wa mwili ila roho imejaa hasira, na kwa kuwa wewe ndiye mtu pekee wa ofisi ya takwimu ninayeweza kumfokea bila kuandikiwa barua ya onyo, nivumilie.

Mmetuletea kompyuta. Afisa wenu alishuka na boksi, akauliza choo kiko wapi, akanionyesha pa kuwashia, akaondoka kabla chai yake haijapoa. Agizo ni moja: kuanzia mwaka huu daftari la uzazi halitambuliki, kila mtoto aingizwe kwenye mfumo kwa mtandao. Haya. Zahanati hii ina soketi moja ya umeme wa jua, na kwenye soketi hiyo kuna friji ya chanjo. Nichomoe friji? Niwachanje watoto au niwahesabu? Simu yenyewe hapa haishiki, ndiyo maana bado nakuandikia kwa mkono na kumpa barua dereva wa lori la unga.

Nimeambatanisha fomu za Januari: watoto ishirini na wawili, mapacha wakiwemo. Mpelekee mkubwa wako kama tulivyozoea.

Ni mimi dada yako, mkunga.


Ofisini, tarehe 20 Februari

Kwako dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mafua yameniacha, nashukuru kwa kuniulizia. Natumaini na hasira imepungua kidogo.

Fomu zako nilizipeleka kwa mkubwa wangu. Sisi tunamwita Bwana Mfumo, maana ukimwuliza jambo lolote anakujibu, "Mfumo unasemaje?" Hakuzigusa. Aliniambia karatasi ni mambo ya zamani, kisha akaazima kalamu yangu. Kabati tulilokuwa tunatunzia fomu sasa lina chupa za maji ya kunywa.

Dada, jitahidi tu. Kompyuta kaichaji kwa mwenye mashine ya kusaga, halafu panda kile kilima cha shule, nasikia mtandao unapatikana. Neno la siri liwe na herufi kubwa, herufi ndogo, namba na alama. Ni kazi ya dakika tano. Hata mimi mwanzoni nilikuwa mzito.

Mdogo wako akupendaye.


Zahanati, tarehe 11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Hali yako nitakuuliza nikimaliza kusema.

Dakika tano? Nimepanda kile kilima mara nne. Kompyuta nimeichaji mashineni, vitufe vyote vimejaa unga. Nikiifungua kinatokea kiduara, kinazunguka, kinazunguka, mpaka betri inakata. Siku moja ukurasa ulifunguka. Nikaingiza watoto watatu, nikaambiwa muda wangu umekwisha, nianze upya! Na mara ya nne, nikiwa huko juu nimeinyanyua kompyuta juu ya kichwa natafuta mtandao, mke wa mwalimu akajifungua huku chini. Aliyempokea mtoto ni mama wa usafi, aliyekuwa ameweka tu ndoo yake pembeni. Namshukuru Mungu wote ni wazima, lakini nilitamani kuitupa ile kompyuta bondeni.

Sasa nisikilize vizuri. Gari la dawa limepita. Hati yangu inasema glovu sifuri na vidonge vya kuzuia damu sifuri, kwa sababu waliojifungua ni sifuri. Kwa mujibu wenu huku hakuna anayezaliwa. Vidonge nilivyobaki navyo vinatosha wanawake wanne, na zahanati ya jirani nao wamekauka. Mama akivuja damu baada ya kuzaa na sina vidonge, ninabaki na mikono yangu miwili, na hospitali ni mwendo wa saa tatu kwa pikipiki. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, wala si kompyuta.

Nakutumia nakala ya daftari, Januari na Februari, watoto arobaini na mmoja. Kaa kwenye hiyo meza yako yenye umeme, uwaingize wewe. Neno la siri liko nyuma ya karatasi.

Hujambo lakini?

Dada yako.


Ofisini, tarehe 25 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Sijambo.

Nimewaingiza wote arobaini na mmoja leo mchana, wenzangu walipokwenda kula. Nimetumia dakika ishirini na tano, na katikati nilinyanyuka kwenda kunywa maji. Dada, niliona aibu. Nilikuandikia mambo ya dakika tano kana kwamba wewe ni mvivu, kumbe nilikuwa sijui ninachokisema. Nisamehe.

Nilipomaliza, mfumo uliandika, "Hongera, dawa zako zitatumwa." Subiri gari.

Mdogo wako.


Ofisini, tarehe 17 Aprili

Dada,

Shikamoo. Najua gari limepita tena halina kitu. Nakuandikia kabla hujanifokea, na tafadhali keti kwanza.

Dawa zako zimefika kwangu. Mfumo huwa unasoma mahali kompyuta ilipo, ukaona watoto arobaini na mmoja wamezaliwa hapa ghorofa ya tatu, kati ya chumba cha mhasibu na choo. Asubuhi ya Jumatatu wapagazi walipanda ngazi na maboksi sita: glovu, pamba, vidonge, vyote. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mhasibu akaniuliza kama nimejifungua salama.

Bwana Mfumo hakucheka. Aliniita akauliza vitanda viko wapi. Nikamweleza kila kitu, nikamwomba maboksi yapakiwe yaletwe kwako siku hiyohiyo. Akasema mfumo unaonyesha yameshafika yanakotakiwa, hayawezi kutumwa mara mbili. Watoto wako wote amewafuta, akasema ni wa kughushi. Mimi nimepewa barua ya onyo, neno lako la siri limefungwa, na maboksi yamewekwa kwenye stoo yetu kama ushahidi. Stoo yenyewe iko hatua tatu kutoka kwenye kiti changu. Nayaona kila mlango unapofunguliwa.

Nimeandika maombi mara mbili ya kuyaachilia. Sijajibiwa. Vidonge vimebaki vingapi?

Mdogo wako.


Zahanati, tarehe 29 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo. Mimi nasema sijambo kwa sababu ndivyo barua zinavyoanza.

Mke wa seremala amefariki Jumanne. Seremala huyu ndiye aliyetutengenezea benchi za wajawazito. Ilikuwa mimba yao ya tatu. Mtoto ametoka vizuri, wa kiume, ana sauti ya kuamsha mtaa. Halafu damu. Vidonge vya mwisho nilivitumia wiki mbili nyuma. Nilikandamiza kwa mikono mpaka vidole vikafa ganzi, tukampakia kwenye pikipiki katikati ya mumewe na dereva, na hata njia panda hawakufika. Alikuwa na fahamu zake karibu muda wote. Aliniuliza kama nimechoka.

Sikulaumu. Hapana, nakudanganya. Nakulaumu, kisha najilaumu mwenyewe, kisha naulaumu ule mfumo, kisha narudi kwako tena.

Jina lake limo kwenye karatasi niliyoambatanisha. Mwingize. Sitaki jambo jingine kutoka ofisini kwenu, nataka tu aandikwe kwamba alikuwepo na kwamba amekufa.

Dada yako.


Ofisini, tarehe 21 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako chooni ili watu wasinione. Sina la kujitetea.

Nimejaribu kumwingiza. Jibu lilikuja hivi: "Hakuna mzazi aliyesajiliwa. Kifo hakiwezi kupokelewa." Nimejaribu siku tatu mfululizo. Ili mtu afe kwenye mfumo lazima kwanza awe amejifungua humo, na huko kwako hajajifungua mtu.

Lililobaki nashindwa hata kuliandika. Ripoti ya nusu mwaka imetoka kabla hata Juni haijaisha, na zahanati yako imo katika tatu zilizofanya vizuri kuliko zote, kwa sababu haijapoteza mama hata mmoja. Utapewa cheti. Afisa atakuja nacho tarehe 9 Julai, pamoja na bango na mpiga picha. Nilimwendea Bwana Mfumo na barua yako mkononi, nikamwambia mwanamke amekufa, jina lake hili hapa. Akageukia kompyuta yake akaniuliza mfumo unasemaje. Nilimjibu maneno ambayo mama angenifinya kwa kuyasema.

Kisha nikachukua ufunguo wa stoo. Siku ya safari nitayapakia maboksi sita nyuma ya gari la afisa, chini ya bango. Hawa watu hawainui kitu kwa mikono yao, kwa hiyo hawatajua mpaka wafike kwako. Wewe yashushe tu bila kuuliza mtu. Najua yamechelewa. Wakinifukuza kazi, wanifukuze.

Mdogo wako.


Zahanati, tarehe 12 Julai

Kwako mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi sana. U mzima? Bado una kazi? Nijibu hilo kwanza kabla ya yote. Kama huna, chumba changu unakijua na kitanda ni kipana.

Maboksi nimeyashusha mwenyewe na mama wa usafi, afisa akiwa bado ananyoosha miguu. Aliyatolea macho, kisha akageuka kulitafuta bango lake. Juzi vidonge vimemsaidia mwanamke mmoja, damu ikakata, jana ametembea mwenyewe hadi kwao. Nakwambia hili ili ulijue, na usiache kulijua hata wakikutukana.

Walifunga bango ukutani. Afisa akanipangusia kiti, mpiga picha akaniambia nitabasamu na nikishike cheti kifuani. Nilikisoma. Nikamwambia afisa kwamba cheti hiki si changu, nitampeleka kwa mwenyewe, si mbali. Akafurahi, akadhani nampeleka kwa mwenyekiti. Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele na cheti chake, mpiga picha nyuma.

Seremala alikuwa kwenye karakana yake, mtoto amelazwa juu ya kitambaa kando ya vumbi la mbao. Nikasema, "Shemeji, huyu mgeni ametoka makao makuu. Ana jambo la kukusomea." Nilisema kwa hasira, mdogo wangu. Sijui kama nilitenda haki, hata sasa sijui.

Afisa akajipanga, akakohoa, akaanza kusoma kwa sauti. Kwamba wizara inaipongeza zahanati. Kwamba katika miezi sita. Kwamba haijapoteza mama. Hapo akainua macho akamwona mtoto, akatafuta mama yake kwa macho pale ndani, akanitazama mimi. Akakishusha cheti.

Seremala aliweka randa chini. Hakupandisha sauti.

"Mbona umeishia hapo?" alimwuliza. "Malizia."

Ni mimi dada yako.