Nyota Isiyoonekana

Tabaka,
14 Agosti 1997

Kwako ndugu yangu Aakash,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe na Geeta mko wazima huko Nairobi, na kwamba mgongo wa mzee Bharat umepata nafuu. Sisi hapa tunapumua tu. Lile duka lenu la uchapishaji Kisii siku hizi wanauza viatu, nami nikifika mjini napita njia nyingine nisilione.

Baba tulishamzika. Najua utauliza zile plastiki zako zilifanyaje kazi, basi acha nikueleze.

Wajua baba alikuwa na nyumba mbili, ya mama yangu hapa Tabaka na ya mama mdogo Drusilla kule Ikonge, kwenye shamba la chai. Mahari ya Drusilla haikumalizika. Baba kuzikwa nyumbani kwake ndiko pekee kungemfanya mke mbele ya ukoo, abaki na shamba. Mzee aliogopa kutaja mahali akiwa hai, tusije tukampasua vipande. Ndipo ukamchorea picha yake ya siri, ukaigawa katika plastiki tatu za kuonya, zenye nukta nyeusi tupu: yangu, ya Drusilla, na ya baba mkubwa Haron. Zikiwekwa moja juu ya nyingine, likitokea jani la chai azikwe Ikonge. Akitokea kiboko wa jiwe, kama wale tunaochonga hapa, Tabaka. Mimi ukaniongezea ndogo ya kukagulia. Juu ya plastiki halali inaonyesha nyota, juu ya bandia haionyeshi kitu.

Uliagiza sote tuziweke mezani kwa pamoja. Lakini Aakash, kwetu mkubwa hapangwi mstari mmoja na watoto. Baba alipokata roho, mimi na Drusilla tulimpelekea baba mkubwa plastiki zetu azitunze hadi siku ya kikao, ile ndogo tu nikabaki nayo. Ilikuwa heshima tu, jamani! Kumbe alizibeba hadi Keroka kwa watu wa kompyuta, wakamtengenezea yake upya, ili ikilazwa na zetu atokee kiboko. Alijisifu mwenyewe juzi, pombe ilipomzidi.

Siku ya kikao akatokea kiboko, mnene, hata masikio anayo. Wazee wakaanza kuinuka. Drusilla akanigeukia, kwa maana baba alikuwa amemwambia anitegemee mimi.

“Thadeus mwanangu, hebu ikague.”

Niliikagua, ndugu yangu. Niliiweka ile ndogo juu ya plastiki ya baba mkubwa, nikainama peke yangu. Hapakuwa na nyota. Nikamwona mama yangu pembeni akinitazama, nikawaza lile shamba la chai, nikainua kichwa.

“Ni halali, mama mdogo.”

Hakubisha. Mwezi uliopita ukoo ulimtoa Ikonge pamoja na watoto, sasa wamepanga chumba kimoja Keroka na anauza ndizi kando ya barabara. Shamba nimepewa mimi. Kusema sasa ni kumfukua baba na kumwaibisha mama, na kunyamaza ndiko kunaniua. Wewe ulitengeneza kitu cha kumnasa mwongo, kikamnasa, mimi nikamfungulia. Nimelaaniwa, Aakash.

Jana Drusilla alinitumia mkungu wa ndizi. Aliyeuleta alisema mama mdogo anashukuru, kwamba katika ukoo mzima angalau mmoja alimkagulia kwa haki.

Wasalimie wote nyumbani, na marehemu baba umwombee dua kwa niaba yangu, maana zangu sidhani zinafika.

Ni mimi, uliyekuwa ukiniita ndugu,
Thadeus