Wameegesha Magari juu ya Baba

Élisabethville, Jumapili jioni, mwezi wa kumi.

Joto kali. Mawingu yametanda mchana kutwa bila kutoa hata tone. Nina hasira, na sijui niielekeze kwa nani.

Leo tumefika kwenye kanisa la zamani la kando ya mto Lufira, kijijini nilikozaliwa. Hatukukaa sana. Célestin, mume wangu, alituombea nafasi kwenye lori la rafiki yake, na lori lilikuwa linarudi mjini upesi. Nilitaka kitu kimoja tu: kupalilia kaburi la baba.

Baba alichoma matofali ya kanisa lile. Yeye na wenzake walichimba udongo pale pale mtoni, na walipokufa wakazikwa nyuma ya ukuta, chini ya mti mkubwa.

Nimekuta mti umekatwa. Makaburi yamesawazishwa na kumwagiwa changarawe, na juu yake yamesimama magari ya Wazungu waliokuja kula chakula cha mchana kando ya maji.

Sikulia.

Padri mpya akatoka. Nikamuuliza kwa adabu: "Mon père, kaburi ya baba yangu iko wapi?"

"Baba yako iko mbinguni, mama," akasema, kama anayembembeleza mtoto. "Huku chini hakuna kintu."

Nikamwonyesha kaburi la frère wa kwanza, bruda Mzungu wa misheni, hapo karibu tu, lenye uzio wa chuma na maua mabichi.

"Na huyu? Yeye hakufika mbinguni?"

Padri akawa mwekundu. Célestin akanibana mkono. "Umusamehe, mon père. Jua imemupiga."

Jua.

Célestin ni karani. Anangoja carte, kadi ya serikali inayosema kwamba sisi ni watu walioendelea. Wiki hii watakuja kukagua nyumba, kama tunalala kitandani na kula kwa uma. Neno moja la padri linaweza kuharibu yote. Hayo nayajua. Lakini padri hanijui, hakumjua baba. Célestin alikula mezani kwa baba. Ndiyo maana neno lake linaniunguza zaidi.

Tulipofika nyumbani nikamwambia: "Siku ya Mungu inayokuja ninarudia kule na kaka. Tutasimika musalaba."

"Na carte yetu?"

"Carte yako."

Akaangalia viatu vyake. Kisha akauliza, "Mbao mutatoa wapi?"

Bado sijamsamehe.

Tatizo ni kwamba mahali penyewe sipajui tena. Bila ule mti, siwezi kusema kama msalaba utasimama juu ya baba au juu ya mwenzake. Si neno. Wote walichoma matofali yale, na hakuna hata mmoja wao aliyewekewa uzio.

Nitausimika katikati, gari lisipate pa kupita.